Reli Tuliyoijenga Juu ya Mlango

Mkanda wa chuma unaofunga belo la mitumba una mlio wake unapokatwa. Muuzaji anaingiza koleo, anaminya kwa nguvu, na mkanda unaruka, "tang!", halafu unabaki ukitetemeka hewani. Waliosimama karibu hurudi nyuma, maana wanajua makali yake. Mimi husogea mbele. Mwezi uliopita, katika soko la Mbinga, niliinama nikauokota mkanda mmoja, nikapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake taratibu, kama mtu anayepapasa kovu la zamani.

"Wa nini huo, mama?" muuzaji akaniuliza.

Nilikosa jibu fupi. Jibu refu nakupa wewe, kwa sababu una nafasi ya kunisikiliza, na kwa sababu ndani yake mna aibu yangu ya kwanza kubwa na fahari yangu ya kwanza kubwa.

Baba yangu ni Mnyasa wa mwambao wa ziwa, mama ni Mmatengo wa milimani. Nilizaliwa na kukulia kwa mama, pembezoni mwa mji wa Mbinga, katika nyumba ya tofali za kuchoma iliyozungukwa na mibuni pande tatu. Miaka yangu ya mwanzo baba nilimfahamu kama mgeni wa Krismasi. Alikuja na mkate na sabuni za kunukia, akakaa wiki mbili, akaondoka. Nilipofikisha miaka kumi alirudi moja kwa moja. Alishuka kwenye basi akiwa na sanduku la bati, nyundo yenye mpini mrefu, na mguu wa kushoto usio na vidole viwili. Kipande cha reli kilikuwa kimemwangukia.

Majirani walipomuuliza alikuwa akifanya kazi gani, alijibu kwa ufupi, "Nilikuwa njiani."

Kwa watu wa reli, njia ni reli yenyewe. Lakini Mbinga hakuna reli. Kila baada ya miaka michache tulisikia kwamba itakuja, itapita kwetu hadi Mbamba Bay, na wazee wakachagua hata mahali pa kujenga stesheni, kisha habari ikapoa kama chai. Kwa hiyo majirani walielewa kwamba baba alikuwa safarini miaka yote hiyo, wakampa pole. Mama alikuwa akimtania kwamba hata wana wa Israeli walikawia jangwani, lakini angalau walikuwa wengi.

Baba alikuwa na mwendo wa ajabu. Alipiga hatua fupi, zote sawa, macho chini, kama mtu anayehesabu. Watoto wa jirani walimfuata nyuma wakimwigiza. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa naona haya.

Nilikuwa darasa la sita alipohamia shuleni kwetu Mwalimu Rukia. Alitokea Tabora, mji ambako, kwa maneno yake, watoto hulala na kuamka kwa honi ya treni. Siku moja alikuwa akitufundisha usafirishaji, akauliza, "Nani hapa amewahi kuona treni?"

Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Mimi sijaiona, mwalimu. Lakini baba yangu alikuwa dereva wa treni."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nadhani lilikuwa limekaa mdomoni tangu siku watoto walipoanza kumwigiza. Nyuma yangu alikaa Gaudensi, ambaye baba yake alikuwa na lori la kubeba kahawa, na ambaye kwa hiyo alijiona mtaalamu wa kila chenye gurudumu.

"Baba yako anachechemea," alisema. "Breki angekanyagaje?"

"Treni haikanyagwi breki kwa mguu," nilimjibu kwa ukali, ingawa sikuwa na habari treni inasimamishwa na nini.

Darasa zima likamgeukia Mwalimu Rukia ili aamue. Yeye alinitazama kwa kitambo, akatabasamu kidogo, akaendelea na somo. Nikafikiri nimepona. Wiki mbili baadaye zikatangazwa siku za maonyesho ya shule mjini, kila shule ipeleke kitu walichotengeneza wanafunzi wenyewe. Mwalimu Rukia akasema mbele ya wote, "Sisi tutajenga reli ndogo. Editruda, mwambie baba aje kunisalimia."

Nililala vibaya siku tatu. Ya nne baba alikwenda, akiwa amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, Baba Editruda."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Wanafunzi wangu wananiambia ulikuwa dereva wa treni."

Mimi nilikuwa mlangoni, nikitazama vidole vyangu vya miguu. Baba alivua kofia, akaizungusha mikononi mara moja, mara mbili.

"Nilikuwa relini, Mwalimu," alisema. "Njia naijua."

"Basi," alijibu Mwalimu Rukia, "njia ndiyo tunayoihitaji."

Tulirudi nyumbani pamoja. Nilisubiri fimbo, au angalau maneno. Tulipokaribia kwetu baba akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Unajua usukani wa treni uko wapi?"

"Mbele."

"Treni haina usukani. Dereva anaweza kuikimbiza, anaweza kuisimamisha. Kuigeuza hawezi. Inakwenda inakopelekwa na njia."

Siku iliyofuata aling'oa mlango wa jiko la zamani, akaulaza uani juu ya matofali, upande mmoja juu kidogo kuliko mwingine. Huo ndio uliokuwa mlima wetu. Mama alitoka na mwiko mkononi.

"Na mbuzi wakiingia jikoni?"

"Nitatundika gunia."

"Gunia! Wenzangu wanajengewa, mimi nang'olewa mlango."

Lakini alisogea kuangalia. Mchoro wetu ulikuwa hivi: upande wa juu wa mlango, stesheni ya Kigonsera, katikati reli igawanyike, mkono mmoja uende Mbinga, mwingine ushuke hadi Mbamba Bay, ziwani. Injini hatukuwa nayo. Behewa lingeteremka kwa uzito wake lenyewe, na mahali pa kugawanyika, ambapo baba alipaita pointi, mtu angevuta waya kuchagua liende wapi.

Kwanza tulichagua reli. Nilileta mianzi, nikaipasua vipande vyembamba, nikaipiga msasa kwa majani makavu hadi ikateleza. Ilipendeza sana kwa siku moja. Asubuhi ukungu uliposhuka, kama unavyoshuka kwetu, mianzi ikanywa maji ikapinda. Baba akaitazama akasema, "Reli isiyovumilia hali ya hewa ya kwake ni ya kutazamwa tu." Nikaleta spoku za baiskeli. Hizo zilivumilia, lakini zilikuwa fupi na za mviringo, na gurudumu liliteleza juu yake kama mtu aliyekanyaga bamia. Baba hakuzitupa. Alisema spoku ni ekseli, chuma cha kuunganisha magurudumu mawili, imekosea tu idara.

Ndipo siku ya soko nikasikia ule mlio, "tang!", nikaona mkanda wa chuma ukiruka kutoka kwenye belo. Nilikusanya mikanda sita, nikaibeba nyumbani ikining'inia shingoni, na mmoja ukanikata kidole gumba. Baba aliusimamisha mkanda kwa ukingo wake, si kwa ubapa, akafumba jicho moja akautazama urefu wake wote. Kisha akanitazama mimi. Sikuwahi kuona uso wake umefunguka namna ile.

"Hii," alisema. "Hii ni reli, mwanangu."

Chini ya reli hulazwa vipande vya mbao, mataruma, ndivyo vinavyoishika isitanuke wala isibane. Mataruma yetu yalitoka kwenye matawi ya mibuni yaliyopogolewa. Mbuni ni mti mgumu, haupasuki ovyo, na ukikatwa unatoa harufu tamu kidogo. Nilikata mataruma mengi hadi viganja vikaota sugu. Katika kila taruma nilichimba kwa msumeno wa chuma mifereji miwili myembamba, na mkanda ukasimama ndani yake kwa kukazwa. Baba alikata kipande cha bati chenye pembe mbili, upana wa vidole vyangu vinne, akanipa. Hicho ndicho kilikuwa kipimo. Kwenye kila taruma lazima kipimo kiingie kati ya reli mbili bila kusukumwa na bila kucheza. Kikigoma, nang'oa naanza upya. Nililia mara mbili. Baba hakunibembeleza wala hakunigombeza. Alinisubiri nimalize kulia, akanirudishia kipimo.

Kokoto za kushindilia mataruma tulizifuata ziwani. Jumamosi tulipanda basi hadi Mbamba Bay, barabara ikijipinda na masikio yakiziba kwa mteremko, na kwenye ufuko tukachekecha changarawe kwa chandarua chakavu cha kuanikia usipa, dagaa wa ziwa letu. Baba alichagua moja moja. Zenye kona ziliingia mfukoni, za mviringo zilirudi majini. "Za mviringo zinabiringika," alisema. "Zenye kona zinashikana." Kwa hiyo reli yetu ilinuka dagaa mwezi mzima, na paka wa jirani akahamia kwetu.

Magurudumu niliyachonga kwa vipande vya tawi la mbuni, na kila moja nikaligongomelea upande wa ndani kisahani cha bati kilicho kikubwa kidogo, ili ukingo wake ushuke kando ya reli na kulizuia lisitoke. Behewa lenyewe lilikuwa kopo la samaki lililokatwa. Kwenye njia iliyonyooka lilitembea vizuri hadi mama akaacha kupepeta mahindi akapiga vigelegele.

Pointi ndiyo iliyotutesa. Ilikuwa na ndimi mbili za mkanda nilizozikwangua kwa tupa hadi zikawa nyembamba kama wembe, zikavutwa huku na huku kwa waya wa spoku. Ndimi zilifanya kazi yake. Behewa liliingia njia niliyoichagua. Lakini mbele kidogo, pale reli ya njia moja inapoikata reli ya njia nyingine, kuna pengo la lazima la kupitisha ukingo wa gurudumu, na hapo behewa lilianguka. Si kila mara, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Lilipita mara tatu, nikashangilia, likaanguka mara ya nne. Siku tatu nilipanua, nilibana, niliweka mafuta ya taa, niliongeza mawe ndani ya kopo. Likaendelea kuanguka, na zilikuwa zimebaki siku tano maonyesho yaanze.

Mchana wa siku ya tatu nilimwambia baba, "Tuondoe pointi. Tuweke njia moja tu ya kwenda ziwani."

"Tunaweza," alisema. Kisha akasema, "Kabla hujaondoa, lala chini. Weka jicho sawa na reli."

Nililala kifudifudi kwenye vumbi, shavu kwenye mlango. Baba akaachilia behewa juu kabisa. Niliona gurudumu la kulia likija, kubwa kama la lori kwa jinsi lilivyokuwa karibu. Lilifika kwenye pengo. Kwa kufumba na kufumbua likakosa chuma cha kujiegemeza, likayumba, likagonga ncha, likapanda, likaanguka.

"Umeona nini?"

"Hili la kulia linapotea. Hapo halina wa kulishika."

"Kweli. Na mwenzake yuko wapi?"

Mwenzake alikuwa upande wa kushoto, kwenye reli nzima isiyo na pengo, na wote wawili walikuwa wamefungwa kwenye ekseli moja. Nilikaa. Nilikata kipande cha mkanda, kifupi kama kidole, nikakisimamisha kando ya reli ya kushoto kwa ndani, nikiacha mfereji mwembamba upitishe ukingo wa gurudumu. Sasa gurudumu la kushoto lilishikwa lisiweze kuyumba, na kwa kuwa limefungwa na la kulia, la kulia nalo halikuweza kupotea.

Behewa likapita. Likapita tena. Baba aliweka sharti kwamba lipite mara hamsini mfululizo kabla ya mlango kutoka nyumbani, na mimi nikahesabu kwa punje za buni. Punje ya hamsini ilipodondoka kwenye bakuli, akaniambia kwamba kila pointi duniani ina kipande kile, na jina lake ni reli ya ulinzi.

Nilikasirika. "Kumbe ulijua! Mbona hukuniambia?"

"Mimi niliambiwa," alisema, "na nilichukua mwaka mzima kuelewa. Wewe umechukua siku tatu."

Nikuambie ukweli, hata nilipoolewa hakuna aliyenipa zawadi iliyoizidi ile.

Siku ya maonyesho baba na mjomba waliubeba mlango mabegani, umefunikwa shuka nyeupe ya mama ili kokoto zisipate vumbi. Mimi nilitangulia na behewa, mama akafuata nyuma. Unaweza kufikiria tulivyoonekana. Sokoni akina mama walitua vikapu wakafanya ishara ya msalaba, wanaume wakavua kofia, na mzee mmoja akamnong'oneza mama, "Poleni sana. Ni nani?" Mama akamjibu, "Ni mlango wangu wa jiko."

Ukumbini tuliwekwa karibu na dirisha. Mgeni rasmi, mtu mnene mpole mwenye miwani, alipofika kwetu aliinama akavuta waya mwenyewe. Behewa lenye kahawa likateremka kutoka Kigonsera, likagonga pengo, tak, likaenda Mbamba Bay. Akavuta tena, likaenda Mbinga. Alirudia hata wasaidizi wake wakaanza kutazama saa.

"Nani amewafundisha haya?"

Mwalimu mkuu wetu akajitokeza kwa furaha. "Baba wa mwanafunzi huyu, mheshimiwa. Alikuwa dereva wa treni."

Nilimtafuta baba. Alikuwa nyuma kabisa, amesimama na wazazi wengine, ameinamisha kichwa, anaizungusha kofia mikononi kama alivyoizungusha siku ile shuleni. Gaudensi alikuwa ubavuni kwangu. Mwalimu Rukia alikuwa ananitazama.

"Hapana, mheshimiwa," nilisema. "Baba hakuwa dereva. Nilidanganya mimi. Baba alikuwa gengi." Neno hilo nilikuwa nimelisikia nyumbani tu, baba akimsimulia mama.

"Gengi ni nini?"

"Ni watu wanaotembea juu ya reli kila siku na nyundo. Wanakaza bolti, wanabadilisha mataruma, wanaangalia pointi. Treni haina usukani, mheshimiwa. Dereva anakwenda alikotengenezewa njia. Watu wa gengi wasipofanya kazi leo, kesho dereva hafiki."

Sikujua kwamba nilikuwa nasema kwa sauti kubwa hadi nilipoona ukumbi mzima umenigeukia. Mgeni rasmi akavua miwani.

"Yuko wapi huyo baba?"

Watu wakampisha. Akaja mbele kwa zile hatua zake fupi, zote sawa, macho chini, na kwa mara ya kwanza sikuona haya. Mwalimu Rukia akaniinamia sikioni.

"Kwetu Tabora watu wa njia wote wanatembea hivyo," alisema. "Hatua inafuata mataruma. Nilimjua tangu alipoingia getini."

Mgeni rasmi alimpa baba mkono, halafu akaongeza na wa pili. Tulipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na shule iliyotengeneza kiangulio cha mayai, na vifaranga wawili wakatotolewa mbele ya mgeni rasmi. Nani angeshindana na hilo? Gaudensi aliniomba avute waya. Aliuvuta mchana kutwa, akiwaeleza wageni habari za reli ya ulinzi kana kwamba ameigundua yeye.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikimsifu baba kwa hekima yake. Niliamini kwamba siku ile mbele ya Mwalimu Rukia alinyamaza kwa makusudi, ili anipe nafasi ya kuuacha uongo wangu mwenyewe. Niliwaambia hivyo hata wanangu. Mwaka jana nilishuka ziwani kumtembelea. Siku hizi anaishi kwenye kijiji chao, chini kidogo ya Mbamba Bay. Tulikuwa tumekaa barazani tunachambua maharage, nikamshukuru kwa ule ukimya.

Baba alicheka hadi akakohoa.

"Hekima gani? Nilinyamaza kwa sababu ilinifurahisha. Nilipenda kuwa dereva, hata kwa wiki chache."

Akaendelea, polepole, bila kunitazama.

"Unafikiri kwa nini nilikuwa nawaambia watu nilikuwa njiani? Nilijua hawataelewa. Nilitaka wasielewe. Nimerudi na nyundo na mguu mbovu, niseme mimi ni gengi? Mpaka uliposimama pale, mtoto wa miaka kumi na miwili, ukalitaja jina hilo mbele ya wakubwa, na hakuna aliyecheka."

Kumbe sote wawili tuliingia ukumbini siku ile tumeuficha ukweli uleule, na mimi nilikuwa nikijua habari za mmoja tu. Niliinama nikaendelea kuchambua, maana macho yalikuwa yamejaa.

Alasiri hiyo alipita kijana mmoja mgeni, mtumishi aliyehamishiwa zahanati ya pale, akasimama kusalimia. "Shikamoo, mzee." Baba akaitikia marahaba, akanyoosha mgongo, na kabla kijana hajauliza lolote akamwambia, "Karibu ukae. Mimi nilikuwa gengi. Huyu ni binti yangu."